Fundi wa Biblia wa Nasser Road, na pambizo alizokataa kuzikata

Biblia ya baba niliisafirisha hadi Kampala ndani ya mfuko wa unga wa posho, nimeufunga kwa raba, kwa sababu jalada lilikuwa halishiki tena kitu. Ni ile ya tafsiri ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, ambayo wazee wetu wa Kiswahili wakisema "Biblia" ndiyo wanayoimaanisha. Baba aliinunua mwaka 1964, akiwa askari hapa Jinja, na tangu afariki ni mimi ninayeisoma ibadani. Mgongo ulipoachana na kurasa nilipaka gundi ya shuleni. Haikusaidia. Jumapili moja nimesimama mbele ya watu, karatasi ya Wagalatia ikateleza, ikaenda kutua chini ya kiti cha mchungaji, na mtoto akakimbia kuniokotea. Ndipo nikaamua.

Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye Biblia ya marehemu baba au mama ndani ya sanduku, anayejiuliza kama inashoneka. Inashoneka. Ila usimpe fundi yeyote tu.

Anayeifahamu Nasser Road anajua kwamba kitu chochote cha karatasi Kampala kinapita pale: kadi za harusi, kalenda, vitabu vya risiti, mabango ya wagombea. Nilishuka Old Taxi Park saa tatu asubuhi, nikapanda kwa miguu, na kabla sijamaliza kusema ninachotaka vijana watatu walikuwa wameshanishika mkono. "Nnyabo (yaani mama), njoo huku, dakika thelathini tu." Nilipita vibanda vitatu. Vyote vilinipa jibu moja: tunaingiza kwenye mashine, tunakata mgongo, tunapaka gundi ya moto, tunavalisha jalada, shilingi 20,000, unaondoka nayo leo.

Naomba uelewe kinachotokea hapo, maana hata mimi nilikuwa karibu kukubali. Biblia za zamani zilishonwa. Karatasi zimekunjwa mafungu mafungu, kila fungu limepitishwa uzi katikati ya mkunjo, kisha mafungu yakafungwa pamoja. Mashine ikikata mgongo, mikunjo yote inaondoka, na kila karatasi inabaki peke yake, imeshikwa na gundi tu kwenye ukingo. Karatasi ya Biblia ni nyembamba mno kwa gundi ya namna hiyo. Itashika mwaka mmoja, labda miwili. Baadaye kila ukifungua unasikia mlio wa kukatika, na siku moja Zaburi zote zinatoka kwa pamoja. Tena haina kurudi nyuma, maana mkunjo ukishakatwa hakuna pa kupitisha sindano.

Kibanda cha nne hakina kibao. Kiko ghorofani, nyuma ya watu wa kalenda, chumba ambacho watu wanne wakiingia wa tano anasimama mlangoni. Nilielekezwa na mama anayeuza chai pale chini. Ndani kuna kibano cha mbao cha kukandamizia vitabu, kopo la gundi nyeupe, kipande cha nta kilichojaa mifereji ya uzi, sindano zimechomekwa kwenye sabuni. Fundi ni mtu wa miaka kama arobaini na kitu. Kiswahili chake ni cha Kampala, lakini kinatosha na kinabaki.

Jambo la kwanza lililonivutia ni kwamba hakutaja bei. Aliniomba niketi, akanawa mikono, akaanza kuhesabu kurasa. Alihesabu karibu saa nzima, ukurasa kwa ukurasa, akiandika kwenye karatasi ni nini hakipo. Alipomaliza akanisomea: "Mama, huna Mwanzo sura ya kwanza hadi ya tatu. Huna mwisho wa Ufunuo, kuanzia katikati ya sura ya 21. Na hapa katikati, Mambo ya Nyakati wa Kwanza, kuna karatasi tatu zimechanwa. Jumla karatasi saba, kurasa kumi na nne."

Mwanzo na Ufunuo nilijua. Biblia zote za zamani hupotelea huko, mbele na nyuma, kama nguo inavyochakaa kwenye kola na pindo. Zile za katikati zina habari yake. Baba alimwazima mwenzake Biblia hiyo wakiwa kambini Moroto, ikarudi baada ya wiki moja bila majina ya 1 Nyakati, kwa kuwa karatasi ile nyembamba ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote kwa kusokotea tumbaku. Mama alitusimulia kwamba baba hakugombana. Alichukua penseli, na kwenye ukurasa unaotangulia pengo akaandika: "Zimekwenda. Mungu anayajua majina." Yako pale hadi leo. Fundi aliyasoma, akanitazama, hakusema kitu, akaendelea kuhesabu.

Sasa kurasa kumi na nne zitoke wapi? Kijana anayemsaidia fundi, mtu mwenye nia njema kabisa, alikuwa na Biblia ya Habari Njema, ile tafsiri ya Kiswahili chepesi, iliyochanika pale kibandani. Akasema tuchukue kurasa hizo, tuzikate zilingane, tuzishonee ndani. "Hakuna atakayejua, na Kiswahili chake ni rahisi zaidi."

Fundi akakataa. "Hicho ni kitabu kingine. Mama akisoma Mwanzo atakuwa anasoma cha mwingine, na jalada linasema ni hiki."

Nisieleweke vibaya. Habari Njema naipenda, na wanafunzi wangu wa Jumapili huwasomea hiyo, kwa kuwa mtoto wa Jinja anayejifunza Kiswahili akikutana na "ukiwa, tena utupu" anasimama njiani. Tafsiri zote mbili ni kazi ya watu waliotoa jasho kwa uaminifu. Lakini kila moja ina sauti yake. Mstari wa kwanza kabisa wa Union unasema "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi", na Habari Njema inasema "dunia". Ukichanganya kimyakimya, msomaji hajui tena nani anasema naye. Fundi hakunieleza hivyo kwa maneno ya chuo cha theolojia. Alisema tu, tafuta Biblia ya chapa hiihii, niletee, nitatoa nakala, na chini ya kila ukurasa niliounakili nitaandika kwa penseli neno dogo, "nakala", ili hata wajukuu wako wajue.

Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki nikahisi uso unawaka, kwa sababu ambayo nitaieleza.

Aliendelea. Alishika kingo za kurasa, zimechakaa na kukunjamana, akasema kwa kawaida mtu wa vitabu hupitisha kisu pande zote tatu ili kitabu kirudi kuwa nadhifu. "Lakini hapa kuna maandishi. Nikikata milimita tatu, yanaondoka. Hizi tarehe ni za nini, mama?"

Mimi ninayesoma Biblia hiyo kila wiki sikuwa nimeziangalia vizuri. Nilidhani ni namba za baba tu. Tukaziangalia pamoja kwa tochi ya simu. Kwenye pambizo, kwa penseli iliyofifia, baba alikuwa ameweka kistari pale alipoanza kusoma ibadani na kistari alipoishia, na tarehe. Isaya 40, tarehe. Luka 4, tarehe. Miaka na miaka. Nikafungua Waraka wa Yakobo kwa makusudi, mkono ukitetemeka kidogo. Sura ya tano, kistari kwenye mstari wa kwanza, kistari kwenye mstari wa kumi na moja, na pembeni: 12.3.78.

Lazima niseme kitu kuhusu tarehe hiyo na kuhusu Kiswahili. Kwa watu wengi wa rika langu hapa Uganda, Kiswahili ni sauti ya askari wa kizuizi cha barabarani usiku, enzi za Idi Amin. Fungua mlango, lala chini, toa ulichonacho. Kuna majirani zangu ambao hadi leo wakisikia Kiswahili wananyamaza kidogo kabla ya kuitika. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana aliuawa na utawala huo tarehe 16 Februari 1977. Mwaka mmoja na wiki chache baadaye, baba yangu, askari aliyekwishastaafu, karani wa kiwanda cha nguo, alisimama mbele ya ibada ya Kiswahili ambayo nusu ya waliohudhuria walikuwa askari wa kambini na wake zao, akasoma kwa lugha ya kizuizi: "Haya basi, enyi matajiri! Lieni." Akasoma hadi kistari cha pili. Sijui mioyoni mwao walisema nini. Najua alirudi nyumbani akala chakula cha mchana, kwa sababu nilikuwepo, na hakutuambia lolote. Baba hakuwa mhubiri. Alikuwa msomaji. Jumamosi jioni alisoma fungu mara tatu kwa sauti, amesimama, na tulipomwuliza kwa nini anasumbuka wakati maneno yameshaandikwa, alisema tarishi haifungui barua ya watu akaipunguza.

Na mimi nilifanya hilohilo.

Ilikuwa mwaka 2019. Fungu la siku ile lilikuwa hilohilo la Yakobo 5:1–11. Huku Busoga miwa ni maisha ya watu wengi, na mbele kabisa kanisani alikuwa ameketi mzee mmoja mwenye mashamba makubwa ya miwa, mtu aliyetupa mabati yaliyoezeka paa tulilokaa chini yake. Nyuma walikuwa vijana wakata miwa, wengi wao Wakongo, wametoka Bunia na kwingineko, ambao Kiswahili ndiyo lugha pekee ya ibada wanayoielewa mjini hapa. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba mishahara ya miezi miwili haijatoka. Nilisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne nikauona unakuja: "Angalieni, ujira wa wakulima waliovuna mashamba yenu, ninyi mliouzuia kwa hila, unapiga kelele." Nikaruka. Nikatua kwenye mstari wa saba: "Kwa hiyo ndugu, vumilieni, hata kuja kwake Bwana."

Ona nilichokifanya. Kila neno nililolitamka lilikuwa Neno la Mungu, sikuongeza hata moja la kwangu. Lakini kwa kuruka mistari mitatu nililifanya liwaambie wakata miwa wavumilie, bila kuwaambia kwamba kilio chao kimeshaingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Paulo anaita hivyo kuchanganya neno la Mungu na uongo. Na wahenga walisema mjumbe hauawi, maana maneno si yake. Mimi nilijiokoa kabla hata hajatokea mtu wa kuinua mkono.

Baada ya ibada kijana mmoja alinifuata na simu yake. Kwa heshima kabisa akasema, "Mwalimu, kwangu hapa katikati kuna mistari mingine. Biblia yako ni tofauti?"

Nikamjibu ndiyo, ni tofauti.

Kwa hiyo fundi aliposema "jalada linasema ni hiki", alikuwa ananiambia mimi bila kujua. Nilimweleza yote, pale pale, mtu nisiyemjua, kijana wake akisikiliza. Hakunihubiria. Alisema, "Basi pambizo hatuzikati, mama," akaandika kwenye daftari lake: pande tatu, usiguse.

Bei sasa, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kushona upya 60,000. Jalada la reksini nyeusi na maandishi ya dhahabu 20,000. Nakala za kurasa kumi na nne na kuzishikiza 15,000. Jumla 95,000, nikatanguliza 50,000. Ngozi halisi alisema ingefika 180,000, nikaiacha. Biblia ya chapa ileile niliipata kwa mzee mmoja wa Malaba anayesali nasi, akaniazima kwa wiki mbili kwa sharti kwamba nisiiweke kwenye mfuko wa unga.

Ukiwa na Biblia ya kawaida tu iliyochakaa, isiyo na kumbukumbu ndani, usihangaike hivi. Nenda duka la Chama cha Biblia kule Bombo Road, ununue mpya. Kazi ya fundi huyu ni kwa kitabu ambacho huwezi kukinunua tena.

Nilichojifunza kwake kuhusu ukarabati kinafaa kila mtu. Usitumie selotepu. Baba alikuwa ameiweka sehemu nyingi, na imegeuka kahawia, gundi yake imepenya hadi herufi za upande wa pili. Fundi aliitoa kwa joto la pasi ikiwa juu ya kitambaa, polepole, kipande kwa kipande, na palipochanika akabandika karatasi laini sana unayoweza kusoma kupitia kwake. Uzi aliupitisha kwenye nta ili usikate karatasi na usinywe unyevu. Mgongoni akaweka kitambaa cha shashi kabla ya jalada, kisha kitabu kikalala kwenye kibano siku mbili. Kila hatua aliniruhusu kuiona kwa picha alizonitumia kwenye simu.

Akanionyesha pia, siku nilipoenda kuchukua, Biblia ya Kiganda ya familia moja, ya chapa ya zamani, pana kidogo na nene kama tofali. Nilikuwa nimesikia habari zake, sikuwahi kuishika. Biblia nzima ya Kiganda ilitoka mwaka 1896, na zilichapishwa zenye umbo lile ili ziingie kwenye makopo ya biskuti, mchwa wasizile. Nikafikiria watu wale. Kabla hawajapata hiyo, walioitwa abasomi, wasomaji, hapo kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, walianza na Kiswahili. Mwaka 1875, msafiri Mzungu Henry Stanley alipoondoka, alibaki kijana aliyesomeshwa na wamisheni wa Zanzibar, Dallington Maftaa, akimsomea na kumwandikia Kabaka Maandiko kwa Kiswahili. Yaani kabla Kiswahili hakijawa cha kizuizi barabarani kilishakuwa cha Neno katika nchi hii. Hilo hunipa nguvu kuliko tangazo lolote la serikali kuhusu lugha. Na watu wale waliitwa wasomaji kabla ya kuitwa kitu kingine. Mwaka 1885 na 1886 baadhi yao walichomwa moto kwa kuwa wasomaji.

Basi, kasoro. Zipo, na nitazisema kwa kuwa nimelipa fedha yangu.

Aliniahidi siku kumi, ikawa ishirini na nne. Nilifunga safari moja ya bure, kilomita 80 kwenda na 80 kurudi, foleni ya Mukono ikanilaza hadi saa mbili usiku. Maelezo yake ni kwamba ushonaji wa kwanza haukumridhisha, uzi ulikuwa unakata mikunjo ya Isaya, akafumua akaanza upya. Namwamini, maana nimeona matundu ya zamani. Lakini angenipigia simu, na nilimwambia hivyo, naye aliomba radhi na kunipunguzia 5,000. Utepe wa alama ni mfupi, hautokezi chini vya kutosha kushikika. Herufi za mgongoni zimeegemea upande kidogo. Kurasa za nakala ni nene kuliko zenzake, kwa hiyo ukifungua Mwanzo kitabu kinavimba upande mmoja, na harufu ya gundi ilikaa wiki mbili nzima. Mzee wa Malaba aliishika akasema inanuka kama kiatu kipya.

Hayo yote nayavumilia, kwa sababu kitabu kinafunguka. Kinalala wazi juu ya mimbari bila kushikwa, mahali popote, Mwanzo hadi Ufunuo, na sasa ni miezi mitano hakuna karatasi iliyotikisika. Kingo bado ni chakavu, zimekunjamana vilevile. Mtu asiyejua anaweza kudhani fundi hakumaliza kazi.

Nilimwomba mchungaji anipe tena Yakobo 5. Alikubali, ikawa Jumapili ya tatu baada ya Biblia kurudi. Baba alikuwa mtu wa uamsho, wale waliookoka wa zamani ambao waliamini kwamba dhambi iliyofanywa mbele ya watu huungamwa mbele ya watu, na ingawa mimi nimekuwa mvivu wa jambo hilo maisha yangu yote, siku ile sikuona njia nyingine. Kabla ya kusoma niliwaambia kwamba mwaka 2019 niliruka mistari mitatu hapa nilipo, na kwamba mtu aliponiuliza nilisema uongo kuhusu Biblia. Kisha nikasoma kutoka kistari hadi kistari. Mstari wa nne niliusoma polepole kama baba alivyokuwa akisoma majina. Yule mzee wa miwa alikuwepo, kiti kilekile. Tulipotoka alinisalimia kama kawaida, akaniuliza hali ya magoti yangu. Hakusema kuhusu fungu, nami sikumwuliza. Nilisoma, yeye alisikia. Yaliyobaki si yangu.

Kijana wa simu hakuwepo. Niliwauliza wenzake, wakaniambia alihama tangu wakati wa korona, wengine wanasema alirudi Bunia, wengine wanasema yuko Kyangwali, kambi ya wakimbizi. Jina lake la ubatizo tu ndilo tulilolijua. Bado nawauliza wanaotoka huko. Kama kuna anayesoma haya na anamjua mkata miwa aliyewahi kumwuliza mwalimu mmoja wa Jinja kuhusu mistari iliyokosekana, amwambie kwamba Biblia ilikuwa sawa na ya kwake.

Ukienda kwa fundi, nenda kabla ya saa nne asubuhi, kabla mashine za kalenda hazijaanza, maana baada ya hapo hamtasikilizana. Mwulize mama wa chai, ghorofa ya kwanza, mlango usio na kibao. Mwambie mapema kama kuna maandishi pembeni. Sema siku unayoitaka, kisha mwongezee wiki mbili kichwani mwako. Omba utepe mrefu. Na beba kila kitu kilichodondoka, hata vipande vya ukubwa wa ukucha. Atavimwaga mezani na kuvitafutia mahali pake kimoja kimoja.